Sura ya Tano: Darubini Moja, Wanafunzi Wangapi?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, vyuo vya afya navyo vinaingia barabarani. Stendi ya Kahama, soko la Katoro, njia panda ya Tinde, kote unakutana na bango la kijana aliyevaa koti jeupe na stetoskopu shingoni, na chini yake orodha ya kozi: utabibu, uuguzi na ukunga, maabara, famasia, na siku hizi radiografia na fiziotherapia. Gari la matangazo linapita na spika juu ya paa, linasema nafasi zimebaki chache. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwenye biashara hii methali hiyo haimsaidii mzazi. Vyuo vizuri na vibaya vyote vinajitembeza.

Anayelipa ni mzazi wa Kishapu aliyeuza ng'ombe, wa Msalala aliyeuza mpunga, au mchimbaji mdogo wa Nyarugusu ambaye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, limetema mwaka huu na huenda mwakani lisiteme. Kwa wengi wao pesa hii inapatikana mara moja. Ikienda kwenye chuo kibovu, mdogo wa huyo kijana, aliyeko kidato cha pili, hatapata ya kwake.

Ninachotaka kusema katika sura hii ni kwamba chuo cha afya kinapimwa kwa hesabu ya kugawanya. Chukua idadi ya wanafunzi, igawanye kwa vitu ambavyo ni lazima wavishike kwa mikono yao: darubini, vitanda vya wagonjwa, akina mama wanaojifungua, rafu za dawa. Jibu la hesabu hiyo ndilo linaloamua kama kijana atatoka na ujuzi au atatoka na karatasi. Usajili, wakufunzi, ada na soko la ajira tutavipitia pia, ila vyote vinaizunguka hesabu hiyo.

Hospitali iliyozaa chuo, na chuo kinachotafuta hospitali

Kanda ya Ziwa ina mazoea ya zamani ya kufundisha watumishi wa afya. Hospitali ya Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga kwenye barabara ya Mwanza, ilianzishwa na wamisionari wa African Inland Mission mwanzoni mwa karne ya 20, na leo iko chini ya Kanisa la AICT pamoja na chuo chake cha afya. Sumve kule Kwimba, Sengerema upande wa pili wa Ghuba ya Mwanza, na Nkinga katika mkoa jirani wa Tabora, zote ni hospitali za misheni zilizoanza kutibu watu, kisha zikaona haziwezi kuendelea bila kufundisha watumishi wao zenyewe. Mwanafunzi alilala bwenini, asubuhi akavuka uwanja akaingia wodini.

Baadaye mambo yakabadilika. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imezuia hospitali binafsi za biashara, na mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, ule MMAM wa mwaka 2007 hadi 2017, serikali ililenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Zahanati zinahitaji matabibu, wauguzi na watu wa maabara, na vyuo vya serikali na vya makanisa havikuweza kuwatoa wote. Vyuo binafsi vikaingia kuziba pengo hilo, na vingi vimefanya kazi ya heshima.

Lakini mpangilio ukageuka. Zamani hospitali ndiyo iliyozaa chuo. Sasa chuo kinazaliwa kwanza, kinapanga jengo mjini, kinasajili wanafunzi, halafu kinaandika barua kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa kuomba wanafunzi wake wapokelewe kwa mazoezi. Hospitali hiyo hiyo imeshapokea barua kama hiyo kutoka vyuo vingine. Shida nyingi utakazozikuta kwenye chuo dhaifu zinaanzia hapo.

Karatasi kwanza, kwa haraka

Hatua ya karatasi haichukui muda, na ukiikosea mengine yote hayana maana. Vyuo vya kati vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo zamani tulilijua kwa jina la NACTE, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kila chuo kilichosajiliwa kina namba, na namba za vyuo vya afya na sayansi shirikishi huanza na REG/HAS. Iombe namba hiyo, kisha ihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya baraza au katika mwongozo wa udahili wa mwaka huo. Usiridhike na cheti kilichowekwa kwenye fremu mapokezi.

Hapa wazazi wengi wanateleza kwa jambo moja: wanauliza kama chuo kimesajiliwa, hawaulizi kama kozi imeruhusiwa. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha uuguzi cha miaka mingi, kikaanza kutangaza radiografia kabla ya kuruhusiwa kuifundisha. Kwa hiyo usitafute jina la chuo pekee. Tafuta jina la chuo pamoja na jina la kozi ya mtoto wako.

Ngazi nazo uzijue. Mwaka wa kwanza ni NTA ngazi ya 4, astashahada ya awali. Wa pili ni ngazi ya 5, astashahada. Wa tatu ni ngazi ya 6, stashahada, ile tunayoiita diploma. Kozi ya "unesi wa miezi sita" isiyo na ngazi yoyote kati ya hizo haimfikishi mtu kwenye leseni, hata ikiwa na sare nzuri namna gani.

Leseni yenyewe haitolewi na chuo. Muuguzi anaipata kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, tena baada ya mtihani wa baraza. Mtu wa famasia anakwenda Baraza la Famasia, wa maabara Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, tabibu Baraza la Madaktari Tanganyika. Wapige simu hao. Swali ni fupi: wahitimu wa kozi hii kutoka chuo hiki mnawasajili?

Mwisho wa karatasi ni vyeti vya mtoto mwenyewe. Kwa utabibu na uuguzi, mwongozo wa udahili unataka ufaulu wa masomo angalau manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Akitokea dalali akakuambia kwamba Fizikia iliyokosekana "itashughulikiwa", ondoka hapo. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na kati yao walikuwemo watu waliokwishafanya kazi miaka mingi. Walioonekana kuwa na bahati siku ya udahili walilipia bahati hiyo ukubwani.

Sasa gawanya

Tuanze na maabara, kwa sababu hesabu yake inaonekana kwa macho.

Kupima malaria kwa darubini kunaanza na tone la damu juu ya kioo. Mwanafunzi analitandaza kwa kona ya kioo kingine mpaka liwe duara dogo, si zito sana wala jepesi sana. Likikauka analitia rangi ya Giemsa, anasubiri, anaosha, anakausha tena. Kisha anadondosha mafuta, anashusha lenzi kubwa ya 100, anaanza kusoma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka asome angalau maeneo 100 ya kioo kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Aliyezoea anamaliza kwa dakika chache. Anayeanza anapoteza dakika tano kutafuta tu mahali pa kuanzia, anachanganya chembe ya rangi na kimelea, anainua kichwa kumwita mkufunzi, anarudi anakuta ameshapoteza eneo.

Chukua chuo chenye wanafunzi 40 darasani, darubini 4 zinazofanya kazi, na kipindi cha vitendo cha saa 2. Darubini 4 kwa dakika 120 ni dakika 480. Zigawanye kwa 40, kila mmoja anapata dakika 12. Hizo ni dakika za kioo kimoja, tena kwa haraka. Chuo cha jirani chenye wanafunzi hao hao na darubini 10 kinampa kila mmoja dakika 30. Mtaala ni ule ule, mtihani ni ule ule, na ada pengine zinakaribiana. Miaka mitatu ikiisha, mmoja ameona vimelea mara nyingi kiasi kwamba havimpigi chenga, na mwingine amevijua kwenye picha za kitabu.

Wapo watakaosema siku hizi kuna kipimo cha haraka cha malaria, darubini ya nini? Waulize kuhusu kichocho, kinachosumbua Kanda ya Ziwa nzima na kinachotafutwa kwenye mkojo na choo kwa darubini. Waulize kuhusu selimundu, ambayo ukanda huu una watoto wengi wanaozaliwa nayo, na ambayo umbo la chembe za damu huonekana kwenye kioo. Waulize kuhusu makohozi ya mchimbaji anayekohoa wiki ya tatu. Mashine za kisasa zipo, lakini kuna siku umeme unakatika au vitendanishi vinaisha.

Ukiingia kwenye maabara ya chuo usihesabu darubini zilizopangwa mezani. Hesabu zinazowaka. Omba moja iwashwe, angalia kama lenzi ya mafuta ni safi au ina ukungu wa mafuta ya muhula uliopita. Angalia kama kuna kreti ya vioo vilivyotumika wiki hii. Maabara inayofundisha huwa na uchafu mdogo wa kazi: madoa ya rangi ya zambarau kwenye sinki, chupa zilizopungua, karatasi za zamu ukutani. Ukikuta kila kitu kinang'aa na chupa zote zimejaa hadi shingoni, uliza mara ya mwisho zilifunguliwa lini.

Hesabu ya wodini ni ngumu zaidi, na ndipo vyuo vinapojificha. Chuo kitakwambia: "Wanafunzi wetu wanafanya mazoezi hospitali ya mkoa." Ni kweli. Ila hospitali hiyo ya mkoa inaweza kuwa inapokea wanafunzi wa vyuo vitatu au vinne, pamoja na madaktari walio mafunzoni. Ukigawanya wagonjwa wa hospitali kwa wanafunzi wa chuo hicho peke yake unapata jibu tamu la uongo. Unatakiwa kugawanya kwa wanafunzi wote waliosimama wodini asubuhi hiyo, wawe wa chuo chochote.

Njia ya kuijua namba hiyo ni kwenda hospitalini bila kuongozana na mtu wa chuo, saa za asubuhi, ukakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Vijana wenye makoti meupe wakipumzika, salimiana nao. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unasoma kozi gani?"

"Maabara, mwaka wa pili."

"Leo umeshawapima wangapi?"

"Leo bado, mzee. Tunasubiri kundi la kwanza litoke mezani."

"Kwani mko wangapi humo ndani?"

"Wa kwetu tupo kumi na nane. Ukijumlisha na wa vyuo vingine tunafika kama arobaini."

Hapo umepata kitu ambacho hakimo kwenye kipeperushi chochote. Kijana huyo hakukisengenya chuo chake. Amekueleza tu asubuhi yake ilivyokwenda.

Kwa ukunga, uliza kila mwanafunzi anatakiwa kuzalisha akina mama wangapi kabla ya kumaliza, na wa mwaka jana walifikisha wangapi. Kwa utabibu, uliza kama mwanafunzi anapewa mgonjwa wake wa kumhoji, kumpima na kumwandikia historia kuanzia mwanzo, ile wanayoiita kuklaki, au anasimama safu ya tatu nyuma ya wenzake akinakili alichosema daktari. Kwa famasia, uliza kama wanakaa dirishani kutoa dawa na kumweleza mgonjwa, au wanapanga maboksi stoo. Kwa radiografia, uliza kama mwanafunzi anavaa kifuani kile kipimo cha mionzi ambacho Tume ya Nguvu za Atomu inakitaka kwa wanaofanya kazi na eksirei. Asiyevaa kipimo, ama chuo hakimjali au haingii chumba cha eksirei kabisa.

Kisha omba kuona logibuku, kitabu anachosainiwa mwanafunzi kila anapokamilisha zoezi. Kurasa zake zinaongea. Saini za watu tofauti, tarehe zilizoachana, kalamu za rangi tofauti, maelezo ya mkono uliokuwa na haraka: huyo alifanya kazi. Ukikuta ukurasa mzima una saini moja, wino mmoja na tarehe zimeandikwa kwa mwandiko uliotulia, ujue kitabu kilijazwa jioni moja bwenini na kusainiwa kwa mkupuo.

Aliyesimama mbele ya darasa

Wakufunzi nao wagawanye. Kila chuo kinaweza kukuonyesha orodha ndefu ya majina, na mengi yatakuwa ya watumishi wa hospitali ya jirani wanaokuja kufundisha saa chache. Jambo hilo si baya. Tabibu aliyetoka wodini saa nane mchana anafundisha vizuri kuliko mtu asiyemgusa mgonjwa miaka kumi. Tatizo linakuja pale orodha yote inapokuwa ya namna hiyo, kwa sababu hospitali ikielemewa kipindi kinaahirishwa, na kikiahirishwa mara tatu kinafutwa.

Uliza ni wangapi wameajiriwa na chuo moja kwa moja, na nani anakwenda na wanafunzi hospitalini. Swali la pili ndilo lenye uzito. Chuo makini kina mkufunzi anayeshinda wodini na vijana, anayejua nani bado hajachoma sindano hata moja. Chuo kinachobana matumizi kinawashusha wanafunzi getini na kuwaachia wauguzi wa zamu, ambao wana wagonjwa thelathini na hawana muda wa kumfundisha mtoto wa mtu. Unaweza pia kuwauliza wanafunzi muhula uliopita walibadilishiwa mkufunzi mara ngapi. Wakufunzi wasiolipwa kwa wakati huondoka katikati ya muhula.

Asilimia zinazopendeza

"Tunafaulisha asilimia 95." Sentensi hii utaisikia sana, na inaweza kuwa ya kweli na isikusaidie.

Mitihani ya vyuo vya afya hutungwa kitaifa chini ya Wizara ya Afya, kwa hiyo chuo hakiwezi kujipikia mtihani rahisi. Kinachoweza kufanya ni kuchagua nani anahesabiwa. Tuseme waliingia 100 mwaka wa kwanza. Wengine walikwama kwenye sapu, yaani mitihani ya marudio, wengine wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni, wengine wakakatishwa na ada. Wakafika mwaka wa tatu 42, na 40 kati yao wakafaulu. Hiyo ni asilimia 95 ya waliofika. Kwa mzazi anayelipa leo ni asilimia 40 ya walioanza, na mtoto wako ni wa kundi la walioanza. Kwa hiyo uliza namba mbili tu: walioingia ngazi ya 4 miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi, na waliomaliza ngazi ya 6 mwaka huu ni wangapi? Mkuu wa chuo mwenye kumbukumbu nzuri anakujibu papo hapo. Wengine wataanza kukueleza habari za mabweni mapya.

Namba ya ajira nayo inahitaji jicho. Marekani kulikuwa na kampuni iliyoitwa Corinthian Colleges, yenye vyuo zaidi ya 100 huko na Kanada, vikifundisha wasaidizi wa madaktari, watu wa famasia na fani nyingine za kazi. Iliuza nafasi kwa asilimia za wahitimu walioajiriwa. Mwaka 2014 shirika la serikali linalolinda wateja wa huduma za fedha liliishtaki, na miongoni mwa madai yake ni kwamba kampuni ililipa waajiri wawachukue wahitimu kwa muda mfupi ili wahesabike kuwa wameajiriwa. Aprili 2015 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ikaitoza faini ya dola milioni 30 kwa takwimu za ajira zilizopotoshwa katika mojawapo ya vyuo vyake. Kabla mwezi haujaisha kampuni ilifunga vyuo vyake vyote vilivyobaki, na wanafunzi wapatao 16,000 wakajikuta nje, wengi wakiwa na mikopo mabegani. Nchi yenye wakaguzi wengi na mahakama kali ilichukua miaka kuligundua hilo.

Huku kwetu ujanja ni wa aina nyingine: anayejitolea bila mshahara kwenye kituo cha afya anahesabiwa kuwa yuko kazini. Kwa hiyo ukiambiwa wahitimu wamepata kazi, omba simu za watatu waliomaliza miaka miwili iliyopita, uwaulize wanalipwa na nani.

Kozi gani, kwa nchi ya dhahabu

 Mgodi wa dhahabu wa Geita, GGML, umekuwa ukichimba tangu mwaka 2000, Bulyanhulu ulianza mwaka mmoja baadaye, na almasi ya Mwadui inachimbwa tangu miaka ya 1940. Kuizunguka migodi hiyo mikubwa kuna maelfu ya maduara, makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuchenjulia dhahabu ya wachimbaji wadogo, kuanzia Mgusu na Rwamgasa hadi Mbogwe na vijiji vya Kahama. Nchi ya namna hii ina magonjwa yake, na magonjwa hayo yana kazi zake.

Vumbi la mwamba linaharibu mapafu na kumfungulia kifua kikuu mlango. Zebaki inayochomwa kutenganisha dhahabu inaingia mwilini kwa pumzi. Mradi wa shirika la Umoja wa Mataifa, UNIDO, ulioanza mwaka 2002 uliichagua Rwamgasa, na watafiti walipima zebaki kwenye damu, mkojo na nywele za wakazi. Duara likiporomoka, anayetolewa akiwa hai ana mgongo au mguu unaohitaji mtu wa fiziotherapia kwa miezi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi afya kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka, na upimaji huo unahitaji eksirei ya kifua, vipimo vya masikio na mapafu, na maabara.

Ukizitazama kozi kwa macho hayo, unaona kwamba vipeperushi vingi vinasukuma utabibu na uuguzi kwa kuwa ndizo wazazi wanazozijua, wakati radiografia, fiziotherapia na maabara zina nafasi ya wazi hapa hapa nyumbani. Serikali nayo ilipoanza kutoa mikopo ya stashahada kupitia Bodi ya Mikopo mwaka wa masomo 2023/24, ilizipa kipaumbele fani za afya zenye uhaba wa wataalamu. Kabla ya kukata shauri, angalia orodha ya mwaka husika kama kozi unayoitaka imo.

Kwa fani hizo, umbali usikutishe. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bugando, Mwanza, kina stashahada ya radiografia, na nyuma yake kuna hospitali ya rufaa ya kanda yenye vitanda zaidi ya 900. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mtu wa Geita hasubiri tena pantoni kufika huko. Fiziotherapia na utengenezaji wa viungo bandia vina shule za siku nyingi KCMC, Moshi. Nauli ya Moshi mara mbili kwa mwaka ni ndogo ukiilinganisha na ada ya miaka mitatu kwenye chuo cha jirani kisicho na kitanda cha mazoezi.

Pesa yote, si ada peke yake

Ada iliyo kwenye bango ni sehemu tu ya gharama. Chukua fomu ya kujiunga, usome mstari kwa mstari: usajili, bima ya afya, sare, vifaa vya vitendo, mtihani wa wizara, bweni, chakula, gharama za fildi. Uliza kama hospitali inatoza chuo kwa kila mwanafunzi na kama gharama hiyo imo kwenye ada au inakuja baadaye. Jumlisha miaka yote mitatu, ukitia na nauli. Kisha uliza jambo ambalo wengi wanaliona la aibu: nikichelewa kulipa nusu ya pili, mtoto atazuiwa kufanya mtihani? Kipato cha mkulima wa pamba kinakuja baada ya mavuno, na cha mchimbaji kinakuja kinapotaka. Chuo kinachokubali ratiba ya malipo kwa maandishi kinakufaa kuliko chenye ada ndogo na geti kali.

Na kama hesabu inakataa?

Inawezekana ukazunguka vyuo vyote unavyovimudu ukakuta kila kimoja kimekwama mahali. Kwenye karatasi usilegeze hata kidogo: kozi isiyoruhusiwa achana nayo. Kwenye majengo, bweni na sare unaweza kulegeza utakavyo. Kwenye hesabu ya kugawanya, vilinganishe vyuo, uchague chenye wanafunzi wachache zaidi kwa kila kifaa na kila mgonjwa, hata kama kiko mbali na hata kama jina lake halijulikani mtaani kwenu.

Ikishindikana kabisa, kusubiri mwaka mmoja ni uamuzi halali. Kijana anaweza kurudia Fizikia au Kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaongeza ufaulu, akaomba mwakani mahali pazuri zaidi. Madalali watasema nafasi zitakwisha. Nafasi za vyuo hivyo hazijawahi kwisha. Ndiyo maana gari la matangazo linarudi kila mwaka.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mkali, nayo haimhusu mtoto wako peke yake. Mhitimu wa chuo cha kati mara nyingi hupangiwa zahanati ya kijiji, ambako usiku anaweza kuwa peke yake na mama aliyeshikwa na uchungu au mtoto mwenye degedege, na gari la wagonjwa liko kilomita nyingi. Hapo hakuna wa kumuuliza, na kile ambacho mikono yake haikufanya chuoni ataanza kukijaribia kwa mgonjwa huyo. Mzazi anayehesabu darubini kabla ya kulipa anailinda pesa yake, na pia anaamua ni mtu wa namna gani atakayepokea wagonjwa kwenye kijiji cha mwenzake.